Nilimfundisha mchumba wangu wekibodi, sasa hataki hata kuja mlangoni

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisaidie manake hapa nilipo sijui hata nishike lipi. Mi ni msichana wa miaka 27, naishi Kilifi, na nina mchumba wa miaka 31 ambaye ni mvuvi, tena mvuvi wa kuzaliwa, babake mvuvi na babu yake pia, mashua yao ni ya familia. Mahari ishatolewa nusu na harusi Mungu akipenda ni Disemba. Ni mtu mzuri Shangazi, hanywi, hanipigii kelele, na kila jioni akitoka baharini alikuwa ananiletea samaki mwenyewe mpaka mlangoni, changu au tafi, kashaparua magamba kabisa nisichafuke.

Sasa mi nilikaa Abu Dhabi miaka minne, nilienda kufanya usafi nikaishia kwenye kazi ya michezo ya maji ya kebo, ile ambayo hakuna boti, kuna nguzo na waya juu na mota inakuvuta ukiwa umesimama kwenye ubao. Hapo ndo nikajifunza wekibodi. Nilianza kwa kuangalia tu, afu tukawa tunaruhusiwa kupanda kabla hapajafunguliwa, na mi nilisimama siku ya pili. Niliporudi nyumbani mwaka jana nikaja na ubao wangu wa sentimita 134 na kamba yangu, na kwa vile kaka yangu ana boti ya faiba yenye injini ya farasi 40 tukawa tunatoka wikendi kwenye kriki, kaka anaendesha mi navutwa. Mchumba wangu alikuwa anapenda sana kunitazama, anasema naruka kama mkizi.

Basi nikamwambia zamu yako sasa. Akasita kidogo lakini akakubali. Tukaenda Jumapili, mwezi ulikuwa ndo umetoka kujaa, tukafika saa mbili asubuhi. Kwenye boti tulikuwa mimi, kaka, mdogo wangu wa kike na marafiki wawili wa mchumba wangu ambao aliwaalika mwenyewe. Tulipofika akaangalia maji akasema yanapwa kwa nguvu haya, tungoje. Nikamwambia hii si uvuvi bwana, ingia. Marafiki zake wakacheka. Laifujaketi akakataa, akasema yeye ni mvuvi.

Shangazi alianguka mara 14, nilihesabu. Kamba niliiachia mita 20 zote kama nilivyozoea na kaka nikamwambia apige spidi ya kilomita 30 kwa saa kama kule kwenye kebo. Mi nipo nyuma ya boti napiga kelele kunja magoti, nyoosha mikono, usivute, simama, usisimame, na yeye kila akija juu anavuta kamba kifuani anaenda chini. Na kingine, alikuwa haachii hendo, ule mshikio wa kamba. Anaanguka, anaburutwa, maji yanamwingia puani na bado kaishika. Na kila akianguka tunamkuta yuko mbali zaidi, mwisho tulikuwa karibu na daraja kabisa. Alipopanda kwenye boti vidole havikunjuki, akakaa kimya mpaka tunafika.

Mdogo wangu alikuwa ameshika simu akarekodi. Ile mara ya tisa ilikuwa inachekesha kweli, nikaiweka stetasi na vile viemoji vya kucheka, kwa mapenzi tu Shangazi, na jioni yake nikaitoa. Kumbe mtu alishaihifadhi akaipeleka bandarini kwa wavuvi, na sasa vijana kule wanamwita Konyeza, eti alikuwa anaelea kama konyeza, yule mdudu wa baharini laini kama jeli.

Alikuja usiku ule tukagombana kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Akaniambia nenda kafundishe wazungu wako. Iliniuma mpaka leo. Tangu hapo ni siku tisa, nikimwandikia anajibu sawa, nikipiga yuko baharini. Samaki anamtuma mdogo wake alete.

Ninachotaka kujua, nimfundishe vipi ili asimame? Manake nina mpango ambao sijamwambia, nataka tukishaoana tufungue kazi ya kufundisha wageni hapa kwenye kriki mimi na yeye, nilitaka kwanza asimame ndo nimwambie, iwe sapraizi. Kaka yangu anasema mwanaume hafundishiki na mkewe niachane na hayo. Wewe unasemaje?

Mpenda Maji, Kilifi

*

Marahaba mwanangu, na pole, siku tisa ni nyingi kwa watu wenye harusi Disemba.

Wacha nianze na kitu ambacho umekiandika kwa mstari mmoja ukapita. Mchumba wako aliangalia maji akakwambia yanapwa kwa nguvu, tungoje. Wewe ukamwambia hii si uvuvi, marafiki zake wakacheka. Hapo ndo siku yenu ilipoharibikia, na ubao ulikuwa bado mkavu. Umesema mwezi ulikuwa umetoka kujaa, basi hiyo ilikuwa bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa sana, na maji ya bamvua huku kwetu yanajaa alfajiri saa kumi, saa kumi na moja, ikifika saa mbili asubuhi yako katikati ya kutoka na hapo ndo yana kasi kuliko saa zote. Bahari yetu siku za bamvua inashuka zaidi ya mita tatu, na maji yote yale ya kule ndani Bahari ya Wali yanataka kupita kwenye koo moja jembamba hapo darajani. Mtu akianguka, ile dakika anayongoja boti igeuke imfuate, mkondo unamchukua. Ndo maana mlikuwa mnamkuta mbali kila mara. Yeye alilijua hilo kabla hajavua shati, alikwambia, na ukamfunga mdomo, afu ukamwingiza kwenye maji aliyokwambia ni mabaya, na humo humo ndani akaanguka mara 14 watu wakitazama. Angekuwa mgeni ambaye hajawahi kuona bahari yasingemuuma hivo.

Mimi ni mtu wa Kilifi wa tangu feri, kabla daraja halijafunguliwa 1991, na marehemu mume wangu alikuwa anaendesha boti ya kuvuta watu wa skii, mi ndo nakaa nyuma namwangalia anayevutwa. Kwa hiyo mengi ninayokwambia nimeyaona kwa macho. Na mume wangu ndo alinifundisha mimi pia. Siku ya kwanza nilitoka majini nalia, sikusema naye mpaka usiku, manake kila nikiinua kichwa namuona kageuka kwenye usukani, mdomo wazi, uso umekunjamana na jua, anapiga kelele. Nikajua ananifokea. Usiku akaniuliza kwani umekasirika nini, nilikuwa nakwambia vizuri, vizuri, endelea hivo hivo. Mwanangu, mtu aliye majini hasikii neno. Injini inapiga, maji yamejaa masikioni, anachopata ni sura yako tu. Sasa fikiria mchumba wako, kwa mara 14, alichokuwa anakiona ni mke mtarajiwa anabwata, simu imeelekezwa kwake, na marafiki wawili wanajishika mbavu.

Hiyo video sasa. Naelewa uliiweka kwa mapenzi na sikudharau kwa hilo, vijana wa leo mnaishi kwenye simu. Lakini mvuvi heshima yake yote iko majini. Ardhini anaweza kuwa hana kitu, hana cheti, hana ofisi, ila akishuka ufukweni kila mtu anajua huyu bahari inamjua. Ndo mahali pekee ambapo hapaswi kuchekwa, na wewe ndo uliyepeleka kicheko pale. Sasa kila alfajiri akienda kusukuma mashua anaitwa Konyeza, na anajua jina limetoka mkononi mwako. Kuitoa jioni hakutoshi. Inabidi umwombe msamaha kwa hilo peke yake, usilichanganye na maelezo, usimwambie lakini na wewe uliniambia vile. Sema nilikosea kuiweka, na nilikosea kukunyamazisha ulipozungumzia maji. Basi, unyamaze. Na uifute kwenye simu ya mdogo wako pia, najua bado ipo.

Na yeye kakosea, sitaki uone kama namtetea tu. Neno la kukwambia nenda kafundishe wazungu wako ni neno baya, linadharau kazi iliyokulisha wewe na pengine na wazazi wako miaka minne ugenini. Hilo ana deni nalo. Lakini lidai siku nyingine, mkiwa mmekaa vizuri, mwambie iliniuma. Na laifujaketi alivyoikataa ni kosa la watu wote mliokuwa kwenye boti, nitarudi hapo.

Haya tuje kwenye kufundisha, manake uliuliza na nataka nikujibu sawasawa, na hapa naona mengi hayakuwa makosa yake hata kidogo.

La kwanza, wewe ulijifunza kwenye kebo. Kebo ilibuniwa na Mjerumani, Bruno Rixen, miaka ya 1960 huko, ili mota moja ivute watu bila boti, na waya unapita juu. Ukivutwa na kitu kilicho juu kinakunyanyua, kinakusaidia kusimama. Boti ya kaka yako haina mlingoti wa kufungia kamba, kamba imefungwa nyuma chini karibu na injini, kwa hiyo inamvuta mtu mbele, haimwinui. Kazi yote ya kuinuka anaifanya yeye na ubao. Kwa hiyo usimpimie kwa siku yako ya pili, ile ilikuwa shule nyingine. Kwenye kebo pia mlikuwa mnaanzia jukwaani, sivyo? Yeye ameanzia ndani ya maji, shingo ndo imetoka.

La pili, ubao. Wa 134 ni wako, wa msichana mwepesi. Yeye hukuniambia ana kilo ngapi ila mvuvi anayevuta nyavu kila siku sidhani kama anapungua 80. Mtu kama huyo anataka ubao wa 140 mpaka 144 hivi ndo umbebe, ule wako kwake unazama, unahitaji spidi zaidi ndo upande, na spidi zaidi ndo inamng'oa. Na viatu vya ubao wako miguu yake ilikaaje? Kama vidole vilibanwa nusu ya akili yake ilikuwa kwenye vidole. Azima ubao mkubwa, hapo Kilifi hawakosekani wenye nao.

La tatu, injini. Farasi 40, na ndani ya boti watu watano kwa hesabu yako, yeye akiwa ameshaingia majini. Hata boti yenyewe ikiwa peke yake inachukua muda kunyanyua pua, sasa iburute na mtu mzito aliyezama kiunoni. Anaburutwa polepole muda mrefu, mikono inachoka kabla hajafika hata nusu ya kusimama. Boti iwe na watu wawili tu, mwendeshaji na mwangalizi. Wengine wangoje ufukweni wanywe chai.

Na ulimweka mguu gani mbele? Naweka dau ulimweka wa kushoto kwa sababu wewe ndo wako. Wapo watu ambao wa kulia ndo wa mbele na ukimgeuza anakuwa kama kipofu. Usimuulize, hatajua, mwangalie siku akisukuma mtumbwi kwa pondo, akisimama kwenye omo, mbele ya chombo, uone mguu upi unatangulia wenyewe.

Sasa hili la kuvuta kamba na kutoachia hendo, mwanangu hili ndo lilinigusa zaidi kwenye barua yako. Unalisema kama ukaidi. Huyu mtu tangu ana miaka kumi kazi yake ni kamba. Kamba ya nanga, kamba ya tanga, kamba ya jarife. Kamba ikikaza mkononi mwake mwili mzima unajua kitu kimoja, vuta, na ukiachia umepoteza wavu, umepoteza samaki wa watu wanne walioamka saa tisa usiku. Ndo jambo ambalo babake alimchapa kwalo. Wewe ukamrushia kamba ukamwambia usivute, na ukategemea akianguka ataachia. Hawezi kuachia kwa kuambiwa kwa kelele, inabidi afundishwe kuachia kama somo, lenyewe, kabla ya somo lingine lolote.

Fanya hivi. Nendeni ufukweni jioni watu wakiwa wachache, bila boti. Akae mchangani, ubao miguuni, magoti yamekaribia kifua, visigino vimesogea kwenye makalio, mikono imenyooka mbele ya magoti, ameshika hendo. Wewe simama mbele ushike kamba. Mvute polepole. Atataka kunyoosha miguu au kuivuta kamba kifuani, mwache afanye aone anavyorudi kukaa. Afu mwambie abaki amechuchumaa hivo hivo kama mtu anayeota moto, asifanye kitu, wewe ndo uvute mpaka makalio yaondoke mchangani yenyewe. Siku akisikia ule uzito unavyohama kutoka mgongoni kuja juu ya ubao bila yeye kuvuta, ameshaelewa robo tatu ya wekibodi. Majini ni vilevile. Anaelea chali, ubao umelala upande mbele yake, boti inaondoka taratibu, maji yanausukuma ubao, yeye anabaki kachuchumaa, akinyoosha miguu mapema anakuwa ukuta na maji yanamshinda. Ubao ukishakuwa chini yake ndo anainuka, tena polepole, hendo iko usawa wa nyonga, afu mguu wa mbele unageuka wenyewe kuelekea boti.

Hapo hapo mchangani mfundishe kuachia. Mvute, ukisema acha, aachie. Mara kumi, mara ishirini, mpaka vidole vizoee. Mwambie ukweli wenyewe, kwamba hii kamba haina samaki, ikikuponyoka boti inageuka inakuletea tena. Anayeachia haraka anaanguka vizuri na ana nguvu za mara ya pili. Anayeng'ang'ania anakunywa maji, anaumia mabega, na maji yakiingia kwa nguvu sikioni au puani si mchezo.

Kamba ifupishe, mita 12 mpaka 15 zinatosha, mtakuwa karibu mnaonana uso. Spidi 30 ni ya kwako wewe, yeye aanze chini ya hapo, 22 au 25, na kaka yako aongeze kidogo kidogo asikurupuke. Na mara sita zikitosha mpandishe botini hata kama anasema nipe moja tena, manake baada ya hapo mikono ya mbele imekufa na anachojifunza ni kuanguka tu. Mara 14 ulimtesa mwanangu.

Laifujaketi haina mjadala. Hata mwogeleaji wa aina gani akigonga maji kwa spidi anaweza kuzimia sekunde kadhaa, na kuogelea hakumsaidii aliyezimia. Mwambie kwamba marehemu mume wangu miaka yote ile hakumvuta mtu bila jaketi, na watu wa baharini aliowavuta ni wengi. Na boti ikirudi kumchukua injini izimwe kabisa, isiachwe fri, panga ile inayozunguka chini ya injini haichagui. Nyuma akae mtu mmoja wa kumwangalia yeye tu, bila simu mkononi, kaka yako aangalie mbele. Ishara mkubaliane mkiwa nchi kavu: gumba juu ongeza, gumba chini punguza, kupapasa kichwa turudi, mkono shingoni zima, na akishaanguka ainue mikono miwili juu ya kichwa kusema niko sawa. Hizi wewe unazijua za kazini, nina hakika yeye hukumwonyesha hata moja, kwa hiyo siku ile hakuwa na njia ya kukwambia basi, zaidi ya kuendelea kuanguka.

Ila nani amfundishe? Kaka yako anasema mwanaume hafundishiki na mkewe. Si kweli, nimewaona wamefundishika wengi tu. Ninachokwambia ni kwamba usibebe kila kitu. Siku ile ulikuwa mwalimu na mwangalizi, na spidi ya boti ukaipanga wewe pia. Majini achia mtu mwingine aelekeze ukimpata, na wewe kazi yako iwe ile ya mchangani, mkiwa wawili, bila mtu. Kule ndo mtacheka pamoja.

Na siku na saa achague yeye. Hili nalisisitiza. Atakwambia subiri maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo umelegea, na atataka asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, na atakwambia twende ndani mbali na daraja. Ukimsikia anasema hivo jua anakufundisha na wewe, manake huko Abu Dhabi ulikuwa kwenye dimbwi lisilojaa wala kupwa, na kriki hujaijua bado mwanangu, samahani nikisema hivo.

Sasa hiyo biashara. Hapa nimekaa nikakufikiria sana. Umemficha mtu mpango wa maisha yake mwenyewe, ukamfanyia mtihani wa kuingia bila yeye kujua kuna mtihani. Yeye alidhani ni mchezo wa Jumapili, wewe ulikuwa unapima kama mtaishi vipi, na ndo maana kila akianguka ulikuwa unapandisha sauti, ilikuwa biashara yako inaanguka. Mwambie. Mwambie mapema, hata kabla ya kumwambia habari ya ubao mkubwa. Na usishangae akiogopa, kwa sababu atakachosikia ni acha mashua ya babako. Muulize na asikilizwe.

Tena nikwambie kitu kama mtu aliyeishi kwa hiyo kazi. Kazi hiyo haihitaji yeye asimame kwenye ubao hata siku moja. Kinachofanya mgeni arudi akiwa mzima ni mtu wa usukani, anayejua mkondo uko wapi saa hii, mwamba uko wapi maji yakiwa nusu, lini kusema leo hapana. Mwalimu wa ubao mnaye, ni wewe. Nahodha kama huyo hamtampata kwa tangazo. Labda alikubali kuingia siku ile kwa sababu wewe ulitaka, labda yeye mwenyewe hana hamu ya kuvutwa, hujamuuliza. Akisema hataki, mwache, akae kwenye usukani akuvute wewe kama mkizi wake, na hapo mtakuwa mmeanza kazi tayari.

Nimebakiza moja. Siku tisa hasemi nawe, lakini samaki wanafika. Hujaniambia kama bado anaparua magamba, nenda kaangalie wale wa leo. Kama wameparuliwa, ujue kakaa mwenyewe usiku na kisu, mtoto hawezi kufanya hiyo kazi vizuri. Kesho mdogo wake akija usimpokee samaki mlangoni ukamwambia asante. Mwambie akamwite kaka yake, umepika wali wa nazi na huwezi kumla samaki huyu peke yako, na uwe umeupika kweli.